Goli la Loftus na Kadari ya Mungu

Mpira ulivuka mstari. Ndivyo ninavyoamini, na nikiitwa kizimbani nitaapa hivyo. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, nimeandika ushahidi wa watu wengi waliokuwa na hakika na mambo wasiyoyaona, kwa hiyo habari ya kuapa siichezei. Tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kipindi cha pili, Stephane Aziz Ki alifyatua shuti likagonga mtambaa panya kwa chini, likadunda, likarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyanyua mikono. Mwamuzi akasubiri kusikia wenzake wa VAR wanasemaje, kisha mambo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mechi ikaisha 0-0, kama ilivyokuwa kwenye uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, tarehe 30 Machi, tukaenda kwenye matuta, Mamelodi Sundowns wakatutoa kwa 3-2.

Najua mtu wa Tanga angepaswa kuwa Coastal Union, na kweli mwaka 1988 walipochukua ubingwa wa nchi nilishangilia kama kila mtu. Lakini Yanga nimeirithi kwa marehemu baba, na urithi hauchaguliwi.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Mechi ilianza saa 3 usiku. Imamu wa msikiti wetu ni Simba wa kufa, na usiku ule kisomo cha tarawehe alikivuta kuliko siku zote. Wapo waliosema alifanya makusudi. Mimi nasema aliye na ushahidi aulete. Tulipotoa salamu ya mwisho vijana walitoka na viatu mkononi, na sisi wazee tukawafuata kwa mwendo ambao kwa umri wetu ni mbio. Pale kijiweni Ngamiani runinga imewekwa juu ya makreti ya soda, waya umepitishwa dirishani kwa mwenye duka. Aziz Ki alipopiga lile shuti, muuza kahawa alikuwa ananimiminia. Hakuacha kumimina. Kikombe kilijaa, kahawa ikanishukia vidoleni, na moto wake sikuusikia mpaka nilipoona mpira umerudi katikati ya uwanja na hakuna aliyeandika goli.

Baada ya matuta, shekhe, yule imamu wetu, alinikuta bado nimekaa. Akaniwekea mkono begani. "Karani, usijitie presha bure. Mungu hakupenda."

Alisema kwa upole, na mwenyewe alikuwa mfiwa, maana usiku huohuo Al Ahly waliwapiga Simba wake 2-0 kule Cairo. Nikamuuliza, "Shekhe, Mungu hakupenda, au mwamuzi hakuona?" Akacheka, akaagiza kahawa, tukahamia kwenye mazungumzo ya mwandamo wa mwezi. Lakini swali lile halikuniacha, na nadhani shekhe naye halikumwacha, maana tangu siku ile akiniona huanza yeye kulikwepa.

Siikatai kadari. Kuamini kwamba heri na shari zote zimo katika ujuzi na kudura ya Mwenyezi Mungu ni nguzo ya sita ya imani, na asiyeiamini imani yake ina tundu. Kinachonikera ni kazi tunayoipa kadari. Katika utumishi wangu nimeandika maneno "shetani alinipitia" mpaka mkono ukayazoea. Mtu kaiba baiskeli: shetani alinipitia, mheshimiwa. Kampiga mkewe: shetani. Kauza shamba la yatima: bahati mbaya, ilikuwa imepangwa. Sikumbuki hakimu hata mmoja aliyeandika katika hukumu kwamba kwa kuwa jambo limepangwa, jalada lifungwe, mshitakiwa aende nyumbani. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar aliletewa mwizi, mwizi akajitetea kuwa ameiba kwa kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kuwa basi na adhabu inakujia kwa kadari hiyohiyo. Simulizi hii naipenda, maana Umar haikani kadari. Anamnyima mwizi pa kujificha tu.

Walimu wetu wa madrasa, watu wa Kishafi waliofuata njia ya Imamu Ashari, walikuwa na namna yao ya kulieleza fumbo hili. Mungu huumba tendo, wakasema, na mja hulichuma. Kuumba ni kwake Yeye, kuchuma ni kwako wewe, na utaulizwa ulichochuma. Tukiwa watoto tulikariri bila kuelewa, na sidai kwamba sasa nimefika mwisho wake; wanazuoni wamekesha karne kwa karne juu ya mlango huu. Ila nimeshika kiasi hiki: jibu la "Mungu amepanga" halijawahi kulifuta swali la "nani amefanya". Yote mawili yanakaa pamoja. Ukilijibu moja, la pili bado linakudai.

Sasa nimtendee haki mwamuzi, maana kijiweni hakuna aliyemtendea. Kanuni ya mchezo inasema goli ni goli pale mpira wote unapovuka mstari wote, baina ya miimo na chini ya mtambaa panya. Unywele mmoja wa mpira ukibaki juu ya chokaa, si goli. Yeye yuko mbali, amesimama kwa pembe, mpira umedunda na kurudi kwa muda mfupi kuliko kope kushuka. Waliokaa kwenye VAR nao wamefungwa na sharti kwamba uamuzi wa uwanjani usibadilishwe mpaka kosa liwe la wazi kabisa. Na picha tulizoonyeshwa hazikupigwa usawa wa mstari. Pembe ikihama kidogo tu, mpira uliovuka unaonekana haujavuka, na ambao haujavuka unaonekana umevuka. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaambia masahaba kuwa yeye ni mwanadamu, wanamletea magomvi yao, na huenda mmoja akawa fundi wa hoja kuliko mwenzake, akampa haki kwa alichokisikia, aliyepewa kisicho chake ajue amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume wa Mungu inaweza kufuata ushahidi na ukweli ukabaki kwingine, sembuse mwamuzi wa mpira?

Mahakamani tofauti hii tunaishi nayo kila siku. Mshitakiwa anaachiwa kwa sababu kosa halikuthibitika. Mlalamikaji anatoka analia, "Mahakama imesema hakuniibia!" Mahakama haikusema hivyo. Imesema haikuthibitika. Mara ngapi nimesimama kwenye veranda nikiwaeleza akina mama jambo hili, na mara ngapi wamenitazama kama mimi ndiye mwizi. Usiku wa Loftus nilikuwa mimi sasa ninayetazama hivyo. Goli halikuthibitika. Sawa. Kwamba halikuingia, hilo hakuna aliyelithibitisha pia, na shekhe wangu hana haki ya kuchukua upungufu wa kamera akaupandisha mpaka kwenye Lauhi Mahfudh na kuniambia ndiyo sababu.

Waingereza walikuwa na kesi nyepesi kuliko yetu. Tarehe 27 Juni 2010, Kombe la Dunia, hukohuko Afrika Kusini, mji wa Bloemfontein, shuti la Frank Lampard liligonga mtambaa panya, likadunda ndani ya lango la Ujerumani kwa umbali ambao mimi nisiye na miwani niliuona, na mwamuzi akakataa. Ujerumani wakashinda 4-1. Pengine wangeshinda tu. Lakini ile picha iliwaaibisha wakubwa wa mpira, na Julai 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikaidhinishwa. Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 likachezwa nayo. Saa ya mwamuzi inatetemeka mkononi, mpira umevuka, basi. Fikiria kama wote wangekuwa na ulimi wa shekhe wangu. Wangesema Mungu hakupenda, wangekunja mikeka, na mwaka 2024 ulimwengu mzima ungekuwa bado unabahatisha kama tunavyobahatisha sisi. Shindano ambalo bingwa wake msimu ule alizawadiwa dola milioni 4 lilichezwa Pretoria bila chombo hicho. Hapo kadari haina kosa. Kuna watu wenye ofisi na bajeti waliochuma.

Na hapa niache mpira kidogo, kwa sababu jambo lenyewe si la mpira peke yake.

Tarehe 28 Mei 2023 Yanga tulicheza mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger pale kwa Mkapa. Tulifungwa 2-1, tukaenda Algiers tukashinda 1-0, na kombe likaenda kwao kwa faida ya magoli ya ugenini. Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Lakini siku ile ya kwanza palikuwa na msongamano getini, watu wakakanyagana, wengi wakaumia na mmoja akafa. Alitoka nyumbani kwake kwenda kuangalia mpira. Kwenye msiba kama ule, mwenye msiba akisema "ni kazi ya Mungu" nami nainamisha kichwa na kuitikia, kwa sababu kadari imekuja kwa ajili ya moyo wa mtu kama huyo, usipasuke. Lakini anayehusika na mageti akisema maneno hayohayo, yamegeuka kitu kingine. Tuna msemo wetu kwamba ajali haina kinga, na kila basi likipinduka kuna afisa anayeusema mbele ya kamera, nyuma yake matairi yamekwisha kabisa na dereva amekesha siku mbili. Mfiwa anausema apate usingizi. Mhusika anausema asiulizwe. Masikio yetu yamefundishwa wapi kutosikia tofauti? Nadhani ni kijiweni, kwenye mambo madogo yasiyoua mtu. Tunajizoeza kwenye goli, kisha tunakuja kuyatumia maneno hayo kwenye maiti.

Sayyidna Umar, nimrudie tena, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Wahubiri wetu wanaipenda habari hii wakati wa kipindupindu. Ni nadra kuisikia ikitajwa kwa geti la uwanja au tairi la basi.

Haya, matuta. Wenzangu wa Jangwani hawataki nifike hapa, na wengine wananiambia nimenunuliwa. Goli lilikataliwa, ndiyo, lakini baada yake tulikuwa na muda wa kutafuta lingine, na baada ya muda huo tukapewa mpira uliotulia, hatua 12, mbele ya kipa mmoja. Hapo hapakuwa na mstari wa kubishaniwa. Tulikosa wenyewe, na miongoni mwa waliokosa ni Aziz Ki huyohuyo. Golini alikuwa Ronwen Williams, ambaye tarehe 3 Februari mwaka uleule, robo fainali ya AFCON, alipangua penalti 4 za Cape Verde. Afrika nzima iliona. Mwenye kujiandaa na mtu kama huyo hujiandaa. Sisi kijiweni maandalizi yetu yalikuwa kunong'ona dua huku tumefumba macho. Na yeye Williams ni mcha Mungu, upande wao pia mikono ilikuwa juu. Siwezi kuiamini picha ya Mola anayehesabu tasbihi za Ngamiani na sala za Pretoria kisha akaamua kwa wingi. Walio na imani hiyo wakiisukuma mbele hatua mbili wanafika kwenye kamati ya ufundi, yaani ya ndumba, watu wa kuruka ukuta wa uwanja kwa kuogopa geti, na faini za TFF juu yake.

Kwa hiyo naukataa ule mlango wa pili pia, wa "tuliibiwa", ambao nao hufunga jalada. Mwenye kuibiwa hana la kujirekebisha. Klabu iliandika malalamiko CAF, na ilikuwa haki yake. Matokeo yakabaki yalivyo.

Miezi iliyofuata, msimu ulipokwisha, ndipo niliwaona watu wetu vizuri. Ligi tulikuwa tumechukua, ubingwa wa 30. Aziz Ki akawa mfungaji bora kwa magoli 21. Tarehe 2 Juni, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, tukawafunga Azam kwa matuta, na sikusikia mtu wa Yanga akiwaendea Azam kuwaambia Mungu hakupenda. Siku ile tulisema vijana wamepiga vizuri. Tukishinda ni mguu, tukishindwa ni mbingu. Ajabu ya imani hii.

Kisha dirisha la usajili likafunguliwa na kila mtu akapatwa na homa. Mkataba wa Aziz Ki unaisha: anaondoka, haondoki, ameonekana uwanja wa ndege, hapana alikuwa anampokea mtu. Kijiwe kizima kikawa kinasema lau. Lau goli lile lingekubaliwa tungekuwa nusu fainali, lau mchezaji wetu Pacôme asingeumia, lau mwamuzi angetoka nchi nyingine. Kuna hadithi mashuhuri inayokataza hasa ulimi huo, kwamba lau hufungua kazi ya shetani, na shekhe aliitumia kutunyamazisha. Nilimkumbusha kuwa hadithi hiyo haianzii hapo. Inaanza kwa kumsifu muumini mwenye nguvu na kumwamrisha apupie kinachomfaa, amtake Mungu msaada, asibweteke. Agizo la kufanya kazi linatangulia, kadari inakuja baada ya kazi kwisha. Sisi tunasoma kuanzia mkiani.

Basi wenye klabu hawakubweteka. Aziz Ki akabaki. Prince Dube akaja kutoka Azam. Tarehe 1 Julai akatangazwa Clatous Chama, kutoka Simba, mtu ambaye jirani yangu alikuwa amemwombea mabaya kila msimu kwa jina, na asubuhi ile jirani huyo alikuwa tayari anauliza jezi yake itauzwa lini. Nikamuuliza zile dua zake za zamani atazifanyaje. Akasema atazifuta kwa sadaka.

Timu ikaenda kujiandaa na msimu Afrika Kusini, kati ya nchi zote. Tarehe 28 Julai ikacheza na Kaizer Chiefs ikawafunga 4-0, na mawili yalikuwa ya Aziz Ki. Mji ulikuwa Bloemfontein, na uwanja ni uleule wa shuti la Lampard. Kijana mmoja pale kijiweni, nilipomweleza, aliruka: "Mzee, ishara hiyo! Mungu anatulipa!" Nikamwambia akae. Ilikuwa mechi ya kirafiki, na nyavu zilitikisika, na hakuna aliyehitaji ishara.

Ninachokitaka ni kidogo. CAF waweke chombo cha mstari kwenye viwanja vya hatua za mtoano, na shekhe wangu, ambaye nampenda na nitaendelea kuswali nyuma yake, aniambie "pole" nikifungwa, anyamaze, aache kunisomea mipango ya Mola ambayo hakupewa nakala yake.

Na wewe wa Msimbazi uliyesoma mpaka hapa unacheka, tarehe 5 Novemba 2023, kwa Mkapa, Simba 1, Yanga 5. Yale hayakuhitaji VAR.